Kamba Ubavuni mwa Kapteni

Kepher Ajwang hakubali hata ribiti moja, kijipini cha kubania mabamba, izidi. Hilo nataka ulishike kwanza, kabla sijakueleza nilichokiona Jumatano ile, maana usipolijua utasema mimi Chelimo ni mwanamke wa wivu tu niliyekuwa nikitafuta sababu.

Magamba ya mchezo wetu wa Askari wa Zohali, tuliouiga kutoka sinema, yalikuwa kazi yake ya baada ya zamu kiwandani. Sinema yenyewe kila mtu wa Mogogosiek alikuwa ameiona kwenye banda la video la Gekara, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka akina mama wachuma chai wakawa wanajua Kapteni wa askari hao anageuza shingo lini. Watu kama hao huwezi kuwadanganya. Mwaka uliotangulia kikundi chetu kilipoucheza mchezo ule kule Kedowa, tulivaa magamba ya maboksi yaliyopakwa rangi. Mvua ya alasiri ikaja kama kawaida yake, na Kapteni akabaki amesimama mbele ya umati huku kifua kikimmwagikia miguuni kama uji. Watu walicheka mpaka wakalia. Kepher hakucheka. Alirudi nyumbani akaapa kwamba mwaka unaofuata, tisini na sita, tutakapoalikwa Kiptere tutavaa deraya ambazo hata mvua ya mawe itazigonga ipite zake, na ambazo mtu wa video ya Gekara hataona tofauti.

Akakodi chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Akakusanya mitungi ya plastiki iliyopasuka, akaikata, akaipasha juu ya makaa mpaka ikalegea, kisha akaikunja juu ya gogo alilolichonga mfano wa kifua cha mtu. Viungo vya mabega na magoti alivifanya kwa mpira wa mikanda mikuukuu ya kiwandani iliyokuwa imetupwa. Mimi, fundi cherehani wa pale sokoni, nikashona upande wa ndani, sponji ya godoro na kitambaa cha blanketi, ili mchezaji asichubuke. Ndivyo tulivyopendana, ukitaka kujua. Yeye anashika bamba, mimi napitisha sindano, vidole vinakutana, tunajifanya hatukuhisi kitu.

Asubuhi kabla Gekara hajafungulia wateja, Kepher alikuwa akisimamisha tepu, anabandika karatasi nyembamba juu ya kioo cha televisheni, anamfuatisha Kapteni kwa penseli. Siku moja alinifumulisha kola nzima kwa sababu mshono wangu ulipita mahali ambapo kwenye sinema hapana mstari. Nikamuuliza ni nani atakayeona. Akasema, "Mimi nitaona." Nikafumua huku nikimtukana kimoyomoyo, na kumpenda zaidi.

Haya, sasa niambie. Mtu wa namna hiyo, kwa nini atoboe matundu ubavuni mwa gamba la Kapteni na kupitisha kamba?

Kapteni hana kamba. Muulize mtoto yeyote wa Mogogosiek. Ubavu wake umefungwa laini, na safu moja ya ribiti kutoka kwapani hadi kiunoni. Lakini Jumatano ile, Kepher akiwa ametoka kwenda kutafuta rangi ya fedha ya magari, nililigeuza gamba lile nipate kushona kitambaa, na nikakuta ribiti zimeng'olewa pande zote mbili. Badala yake kuna matundu na kamba, kama za kiatu. Bamba la tumbo nalo lilikuwa limekatwa vipande viwili vinavyopandana, hivi kwamba ukilegeza kamba, tumbo linapanuka. Kwa mbele huoni chochote. Ila mimi si mtu wa kuangalia kwa mbele.

Nilichukua futi yangu nikapima. Vipimo vya Dorine nilivichukua mimi mwenyewe mara tu baada ya Pasaka. Dorine ni karani wa ofisini kiwandani, msichana wa kutoka upande wa ziwa kama Kepher, na ndiye Kapteni wetu. Mabega yalikuwa yale yale. Kifua kimeongezeka kidogo. Tumbo lilikuwa la mtu mwingine kabisa.

Fundi wa nguo za wanawake hujua mambo kabla ya mama zao. Wanakuja wakisema rinda limepungua kwenye maji, nami nawaongezea kitambaa nikinyamaza. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Dorine ni mjamzito, nikasema peke yangu mle ndani, na Kepher anajua. Anajua, na amemfichia hata kwenye magamba yake anayoyapenda kuliko chakula. Kwa nini?

Nikaanza kukumbuka. Namna Dorine alivyotoka nje mara mbili harufu ya rangi ilipopanda, na Kepher akamfuata na kikombe cha maji. Namna walivyonyamaza siku niliyoingia bila kubisha. Kigoda ambacho Kepher hakuwahi kunivutia mimi, alimvutia yeye. Na juu ya yote, maneno ya kaka yangu Kipngeno wiki iliyotangulia tukiwa tunakamua ng'ombe. Aliniambia kwa sauti ya huruma, sauti ambayo huwa hanipi bure: "Fungua macho, Chelimo. Huyo fundi wako na yule karani wa ofisi. Watu wanaongea." Nikamwambia watu wana midomo. Lakini neno likiingia sikioni halitoki, na usiku wote nililala nalo.

Siku ile haikuwa siku ya kawaida pia. Jumamosi watu wa Kepher walikuwa waje nyumbani kwetu kwa koito, kuniomba. Baba yangu, Mzee Isaiah, hakuwa amekataa wala kukubali. Nyumbani kwetu neno la binti halipelekwi na binti mwenyewe. Kaka yake mkubwa ndiye hulibeba hadi kwa baba, na likishafika halirudi. Kwa hiyo Jumatano ile Kipngeno alikuwa aje kulichukua neno langu. Wageni waje, au wasije. Na Kipngeno hakuwahi kuficha anapenda neno lipi. Kila mlo alikuwa na lake: ati mtu wa samaki hajui ng'ombe, ati damu yetu na ya watu wa ziwa haikai chungu kimoja, ati mwanamume anayetengeneza sura za mashetani kwa mitungi ana nini cha kumlea mke. Baba alisikiliza tu, akikoroga chai yake.

Kepher aliporudi na mkebe wa rangi alinikuta nimekaa na gamba mapajani. Aliangalia gamba, akaniangalia mimi. Akaweka mkebe chini polepole.

Nilimuuliza kamba hizi ni za nini. Akasema ni za kumrahisishia mchezaji kuvaa. Nikamwambia wachezaji wengine wote wanafungwa na ribiti na hakuna aliyelalamika. Akasema basi, ni majaribio. Kepher hajui kusema uongo. Masikio yake huwa mekundu kwa ndani, hata na weusi wake ule mzuri.

"Dorine ana mimba," nikasema.

Akainama kuugeuza mkebe wa rangi.

"Ni yako?"

"Chelimo."

"Nimeuliza swali fupi. Kwenu swali fupi halina jibu fupi?"

"Si yangu," akasema. "Na sitakwambia ni ya nani. Hiyo ni siri ya mtu. Nilipewa niishike, si niitumie."

Hapo ndipo nilipowaka. Jibu lake lilikuwa zuri mno. Mtu mwenye hatia huja na jibu zuri, akiwa amelala nalo. Nilimwambia kwamba kaka yangu yuko njiani, kwamba Jumamosi mama yake atapanda gari kutoka ziwani na vikapu vyake, na mimi ndiye wa kusema aje au abaki. Kama ana neno la kuniokoa na mawazo haya, alitoe sasa. Macho yake yalikuwa yamenishika, na nikaona yana maumivu, lakini siku ile hata maumivu niliyashuku.

"Ungekuwa mahali pangu ungesema?" akauliza.

"Ningekuwa mahali pako nisingekuwa na kamba za kuelezea."

Tulirudi kazini. Nilishona kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Yeye alipaka rangi mabega ya askari wengine, akiupuliza kila mkono ukauke. Nje wingu la upande wa Mau lilikuwa limeanza kushuka juu ya mashamba.

Dorine alifika mvua ikidondoka tone la kwanza. Alikuja kujaribisha gamba, akiwa amevaa sweta kubwa ingawa hakukuwa na baridi ya sweta. Alinisalimia, "Habari ya kazi, dada," kwa sauti nyororo, nami nikamjibu kama mtu anayelipa nauli. Sikuwahi kumchukia kabla. Ni msichana mzuri, mcheshi, mwenye shingo ndefu kama ya Kapteni mwenyewe. Lakini nilipokuwa namvika nilimwangalia kama mtu anayetafuta doa kwenye kitambaa cha bei. Nilifunga mabega. Nilipitisha kamba za ubavuni na kuzivuta, na nilizivuta kuliko ilivyohitajika. Alishtuka kidogo. Akanitazama machoni, na nikaona ameelewa kwamba nimeelewa.

"Dada Chelimo, kuna jambo," akaanza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kipngeno, na mwavuli mweusi wa Baba na buti za mpira zimejaa udongo mwekundu. Alinisalimia mimi. Akamsalimia Kepher kwa kidevu. Kwa Dorine hakutoa salamu kabisa. Aliangalia ukutani, aliangalia kofia za askari zilizopangwa rafuni, aliangalia dari. Nilidhani ni dharau yake ya siku zote kwa watu wa ziwa. Nikasema moyoni, hata huyu anajua, anaona aibu kwa ajili yangu.

"Baba ananingoja," akasema. "Nimpelekee nini?"

"Ngoja nimalize kazi ya watu," nikamjibu. Nilitaka kusema *wasije*. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilichotaka kwanza ni Kepher alione likitoka.

Mvua ikapiga mabati kwa nguvu, tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Kepher alimwambia Dorine atembee, ageuze kiuno, anyanyue upanga. Mabamba yaliteleza moja juu ya jingine bila kelele, na ningekuwa na moyo siku ile ningesema ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alipofika kwenye ile sehemu ya mwisho, ambapo Kapteni hupiga goti kuwaaga wenzake waliokufa, Kepher akasema inatosha, goti watalijaribu siku nyingine.

"Apige goti," nikasema. "Nataka kuona kama kitambaa kinavuta."

Nilisema kwa ubaya. Kepher aliniangalia akatikisa kichwa, lakini Dorine alikuwa na kiburi chake pia. Akapiga goti moja, akainama. Nusu ya njia akashika tumbo, akatoa sauti ndogo, akabaki hapo amejikunja na rangi ya fedha inang'aa mgongoni.

Mwavuli ulianguka chini. Kabla mimi wala Kepher hatujanyanyua mguu, Kipngeno alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye vumbi la plastiki, anahangaika na kamba kwa vidole vyake vinene vya kukamulia.

"Si nilikwambia usiiname, Dorine. Mlegezeni hapa chini, upande wa kulia. Huo ndio humkaza akichoka." Akamshika mgongo. "Pumua. Pumua pole pole, kama siku ile."

Mvua tu. Dorine akapumua, rangi ikamrudia usoni, na polepole kaka yangu akakumbuka kwamba hayuko peke yake naye. Niliona mgongo wake ukikaza.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi ni mshona nguo.

"Kipngeno," nikasema, "umejuaje ni upande wa kulia?"

Hakuinua kichwa. Dorine ndiye aliyejibu, akiwa bado amekaa chini, mkono umeegemea begani mwa Kipngeno bila kuficha tena. "Alisema ataongea na mzee baada ya Pasaka. Halafu akasema mbolea ikishafika. Sasa nangojea bonasi ya chai."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Kile kigoda nilichokionea wivu kilikuwa karibu, nikakikalia. Huyu ndiye aliyeniambia nifungue macho. Huyu ndiye aliyesema damu haikai chungu kimoja. Kumbe alipoona mimba inakaribia kuonekana, alitafuta mwanamume wa kumbebesha, akampata aliye jirani, mtu wa ziwa, ambaye akifukuzwa kwetu kwa aibu hakuna atakayeuliza swali la pili. Nyani haoni kundule, lakini huyu wangu alikuwa ameliona na kulifunika kwa la mwenzake.

"Uliniambia nifungue macho," nikasema. "Nimeyafungua. Sasa ongea."

"Ningeanzia wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi ndiye nimemwambia Baba kila siku wale watu hivi, wale watu vile. Nilianza kabla sijamjua Dorine. Nikishamjua, ningegeuka vipi? Baba angeniuliza nini kimenibadilisha."

"Na hukuona vibaya kunipokonya mchumba."

"Niliona," akasema. "Kila siku niliona."

Kepher alikuwa amesimama karibu na makaa, mikono ina rangi mpaka viwikoni. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na sasa sauti yangu haikuwa na ukali uliobaki.

"Ningejisafisha kwa kumchafua ndugu yako," akasema. "Ungeniamini leo, halafu kila ukimwona ungenikumbuka mimi niliyemtaja. Na Dorine aliniomba. Alitaka acheze Kiptere mara hii moja, kabla watu hawajaanza kumhesabia miezi. Kwa hiyo nikatoboa matundu." Aliliangalia gamba kama mtu aliyejikata. "Sikulala siku niliyong'oa ribiti zile."

"Nilikushuku."

"Najua. Imeniuma, Chelimo. Sitakudanganya."

"Na kamba kama hizo ningekushuku tena," nikasema, na machozi yakanitoka hapo hapo, bila ruhusa yangu. "Nakupenda. Ungekuwa mtu wa kawaida nisingeona hata hizo kamba. Nimekushuku kwa sababu nakujua."

Alikuja akasimama mbele yangu. Hakunigusa, kwa ajili ya rangi na kwa ajili ya kaka yangu. Lakini aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia Kapteni kwenye kioo cha Gekara, mstari kwa mstari, bila haraka. Baadaye akasema, "Jibu lako bado analingoja."

Kweli, Kipngeno alikuwa amesimama, anapangusa magoti, anauokota mwavuli. Alitaka kuondoka nalo, upesi, alibebe neno langu ili asibebe lake. Nilimjua.

"Mwambie Baba wageni waje Jumamosi," nikamwambia. "Lakini la kwangu litakuwa la pili. La kwako litangulie. Ukifika na la kwangu peke yake, nitakuja nyuma yako nilete la kwako mimi, na mimi sina sauti ya taratibu."

"Nitamwambia kesho," akasema. "Baba akishapumzika."

Dorine akacheka. Si kicheko cha furaha. Alishika ukuta, akanyanyuka, magamba yakamtii bila kelele. "Baada ya Pasaka," akasema. "Baada ya mbolea. Baada ya Baba kupumzika. Twende, Kipngeno. Twende sasa."

"Basi vua hayo kwanza."

"Nikianza kufungua hizi kamba utakuwa umebadilisha mawazo kabla sijamaliza." Akavuta mlango. Mvua ikaingia mpaka miguuni petu. "Nitakwenda hivi hivi nilivyo."

Kipngeno alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta dirisha. Hakulipata. Akafungua mwavuli, na kitu cha kwanza alichofanya, nakwambia nilikiona kwa macho yangu, ni kuuinamisha wote upande wa Dorine, yeye mwenyewe akalowa. Hapo nikajua anampenda, mjinga yule.

Wakashika njia ya kupanda kwetu, katikati ya majani ya chai. Wachumaji waliokuwa wamejikunyata chini ya aproni zao za plastiki waliinuka safu nzima, vikapu mgongoni, wakimwangalia Kapteni wa Zohali akipanda mlima na mtoto wa Mzee Isaiah. Nilimfikiria Baba pale barazani na chai yake, na nani anayemjia. Angeweza kuwafukuza wote wawili, na mimi pamoja nao, na Jumamosi mama yake Kepher angekuta lango limefungwa. Hilo lilikuwa bado linawezekana. Lakini neno lilikuwa limeshaondoka, na halikuwa la uongo.

Kepher alisimama karibu yangu mlangoni. Nilidhani anawatazama watu. Nilipomgeukia nikaona anatazama ubavu, pale kwenye kamba, maji yalipokuwa yakimwagika kwa nguvu.

"Hayaingii," akasema polepole. "Chelimo, angalia. Hayaingii hata kidogo."

Nikaushika mkono wake, na rangi yake yote.